Nakala Mbili

Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, majirani walimtoa baba mdogo kupitia dirishani. Magongo yake hayakuonekana tena, wala sanduku lake la bati. Baadaye niligundua kwamba tarehe ile ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa.

Sandukuni mlikuwa na kitambulisho chake cha ulemavu. Rafiki yangu anayesoma Uingereza husema kule wanapewa kadi ya buluu ya kuegeshea gari karibu na mlango. Baba mdogo hana gari. Alikitaka kitambulisho kwa sababu mwaka 2024 mikopo ya halmashauri ilirudi baada ya kusimamishwa, na asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengewa watu kama yeye. Kikundi chao cha kufuga kuku kilihitaji jina lake, na jina lake lilihitaji karatasi.

Tuliambiwa tulete taarifa ya upotevu ya polisi, barua ya mtendaji, picha za pasipoti, namba ya NIDA na uthibitisho wa daktari. Huo wa mwisho ulinikera. Mguu umekatwa juu ya goti; nani haoni?

"Shikamoo, mzee wangu," afisa alimwambia. "Mimi naona. Ila faili halioni."

Nikaiacha tasnifu yangu, tukapanda basi kwa njia ya Basotu hadi Haydom, upande wa Mbulu, alikokatwa mguu mwaka 2003. Karani wa masijala alipotea kitambo, akarudi na jalada lenye vumbi. Ndani mlikuwa na fomu ya ridhaa ya upasuaji, na saini ya baba yangu.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Barua zake zote tulimwachia baba mdogo atutunzie, katika sanduku lile lile.

"Sikuwa na fahamu," baba mdogo alisema. "Nilipozinduka sikusema naye miezi minne. Nilijua kakubali upesi."

Pembeni mwa saini muuguzi alikuwa ameandika: ndugu ameomba tusubiri hadi asubuhi.

Aliusoma mstari ule kwa kidole, akarudia. Hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye kibanda cha kutoa kopi.

"Ya daktari, moja. Hii toa mbili."

"Hiyo afisa haihitaji, baba."

"Najua."