Nilivyoijua Venezuela kupitia jiko la mama mmoja

Venezuela hutajwa katika vyombo vyetu vya habari kwa mambo mawili: mafuta na siasa. Mimi nilijaaliwa kuifahamu kwa njia nyingine. Nilipokuwa masomoni Madina, nilikaa miaka mitatu katika chumba kimoja na kijana wa Kivenezuela aliyesilimu mjini Caracas akiwa na umri wa miaka 20. Mama yake ni mtu wa Mérida, mji wa milimani. Baba yake alizaliwa Maracaibo, mji wa joto ulio kando ya ziwa. Na yeye mwenyewe alilelewa Caracas. Nyumba yao ilikuwa na mapishi ya nchi nzima chini ya paa moja. Naandika habari za mapishi hayo kwa sababu ni matamu kuyasikia, na pia kwa sababu ndani yake mlikuwa na sahani moja iliyokaribia kumtenga kijana huyu na mzazi wake.

Msingi wa meza yao ni arepa. Huu ni mkate wa mahindi wa mviringo, unaoenea kiganjani, unaochomwa juu ya budare, ambayo ni tawa bapa, hata nje ukafanya gamba na ndani ukabaki laini. Hupasuliwa ungali moto, ukajazwa jibini, maharage meusi, nyama iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, au kuku aliyechanganywa na parachichi. Neno arepa latokana na lugha ya Wakumanagoto, wenyeji wa asili wa pwani ya mashariki, na kwao lilimaanisha mahindi. Zamani mahindi yalikobolewa kwa kutwangwa kinuni, yakachemshwa, kisha yakasagwa, kazi iliyowaamsha wanawake kabla ya mapambazuko. Mwaka 1960 ulianza kuuzwa unga uliokwisha kupikwa kiwandani, Harina P.A.N., na kinu kikapata kupumzika.

Siku moja tulijaribu kupika arepa kwa unga wa sembe ambao mwenzetu mmoja aliletewa kutoka nyumbani. Donge lilivunjika vipande mikononi. Ndipo akanifahamisha siri yake: mahindi yao hupikwa kwanza, kisha husagwa; yetu husagwa kwanza, kisha hupikwa. Zao ni lile lile, ila mpangilio wa kazi ndio uliozaa huku ugali na kule arepa.

Hata hivyo, kusema "chakula cha Wavenezuela" ni kama kusema "chakula cha Watanzania": neno ni moja, vyungu ni vingi. Kwa mama yake milimani, ambako kilele cha Pico Bolívar kinakaribia mita 5,000, baridi imekubali ngano iliyoletwa na Wahispania, basi arepa yao ni ya ngano. Asubuhi hunywa pisca, supu ya viazi, maziwa, mayai na giligilani. Katika majimbo makavu ya Falcón na Lara, mahindi huchemshwa kwa chokaa au majivu hata yakavua ganda, na nyama inayopendwa ni ya mbuzi. Katika Llanos, nyanda pana za wafugaji, nyama ya ng'ombe huchomekwa katika vijiti virefu na kusimamishwa kando ya moto. Na mahindi mabichi hupondwa yakapikwa cachapa, mfano wa chapati nene yenye utamu, inayokunjwa juu ya jibini laini. Katika kisiwa cha Margarita, donge la mahindi hukunjwa mfano wa sambusa, likatiwa papa mdogo aliyeungwa viungo, kisha likakaangwa. Msomaji wa Unguja au Lamu hahitaji kuelezwa papa ni nini.

Aliponisimulia chakula cha kwa baba yake, nilidhani anasimulia Tanga. Maracaibo hupika mbuzi kwa tui la nazi. Ndizi mbichi huchukua nafasi ya mkate: hukandamizwa, hukaangwa, na nyama ikawekwa katikati yake. Nilipomwuliza nazi hiyo imetoka wapi, hakuwa na jawabu. Baadaye nilisoma kwamba minazi ya pwani ya Atlantiki ina asili katika Bahari ya Hindi, na kwamba Wareno ndio walioivusha katika karne ya 16. Nayo mahindi na muhogo vilivuka kutoka kwao kuja kwetu. Basi bibi wa Kitanga akipika ugali kwa mchuzi wa nazi, na bibi wa Maracaibo akila arepa kwa mbuzi wa nazi, kila mmoja ameshika amana ya mwenzake bila kujuana.

Muhogo hasa ndio chakula cha wenyeji wa kusini, katika misitu ya Orinoco na Amazon. Ule muhogo mchungu wenye sumu hukunwa, ukatiwa ndani ya mfuko mrefu uliosukwa uitwao sebucán, ukavutwa hata maji yake yote yakatoka. Unga unaobaki hutandazwa juu ya tawa pana ukawa casabe, mkate mkavu unaodumu kwa miezi. Mwaka 2024 Unesco iliiandika elimu ya kutengeneza casabe katika orodha ya turathi za wanadamu, kwa niaba ya Venezuela na nchi nyingine nne. Wazee wetu wanaoloweka na kuanika muhogo mchungu kabla ya kuusaga wana elimu ya jinsi hiyo hiyo, ingawa twaiona ni jambo la kawaida tu.

Sahani inayohesabiwa kuwa ya taifa zima ni pabellón: wali mweupe, maharage meusi, nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa, na vipande vya ndizi mbivu za kukaanga. Hata hapo hawakubaliani, kwani wako wanaotia sukari katika maharage na wako wanaoona jambo hilo ni kuyaharibu. Tulicheka pamoja tulipogundua kwamba maneno ya meza hiyo si mageni kwetu. Wali kwa Kihispania ni arroz, kutoka Kiarabu ar-ruzz. Sukari ni azúcar, na tunda la zaituni ni aceituna. Waislamu walikaa Andalusia tangu mwaka 711 hadi 1492, na miaka sita baada ya Granada kuanguka, Columbus alifika pwani ya Venezuela. Maneno hayo yakasafiri ndani ya merikebu za Wahispania, kama yalivyokuja kwetu ndani ya majahazi.

Sasa niifikie ile sahani. Inaitwa hallaca, na hupikwa Desemba. Donge la mahindi hutiwa rangi kwa mafuta yaliyochemshwa na mbegu za mzingefuri, likatandazwa juu ya jani la mgomba. Katikati huwekwa mchuzi mzito wa ng'ombe, kuku na nguruwe, pamoja na zaituni na zabibu kavu. Milimani kwa mama yake huongezwa na dengu. Jani hufungwa, likakazwa kwa uzi, likachemshwa. Kazi hii haiwezekani kwa mtu mmoja. Mmoja hupangusa majani, mwingine hutandaza donge, mwingine hujaza, mwingine hufunga. Na kila Mvenezuela atakuambia kwamba hallaca bora ni ya mama yake.

Desemba ya kwanza baada ya kusilimu, kijana alikataa kuketi katika kazi hiyo. Alisema tu, "Hiki ni haramu kwangu." Mama hakusikia neno nguruwe, alisikia kwamba mikono yake ndiyo iliyokuwa haramu. Mwaka mzima hawakula pamoja. Mwaka wa pili mama ndiye aliyeanza. Alimwuliza, "Mwanangu, hebu nifahamishe. Mungu amekukataza hallaca, au amekukataza nguruwe?"

Swali hilo, aliniambia, lilimfundisha fiqhi kabla hajafika chuoni. Alimjibu kwamba kilichokatazwa ni nguruwe na mafuta yake, na mvinyo ambao baadhi ya watu huutia mchuzini. Mama akauliza juu ya jani, mahindi, zaituni na zabibu. Vyote halali. "Basi nitoke kununua kuku," akasema. Kijana alimchinja kuku mwenyewe uani, mama akatenga sufuria mpya, akatumia mafuta ya mahindi, na hallaca za mwanawe akazifunga kwa uzi mwekundu ili zisichanganyike na nyingine. Kwa kuwa hupikwa siku nyingi kabla ya sikukuu na kuhifadhiwa, yeye alichukua fungu lake akala kwa siku zake, bila kuingia katika ibada isiyo yake.

Darasani baadaye tulisoma habari mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) alipoandaliwa nyama ya kenge wa jangwani. Hakuila, naye Khalid bin Walid (r.a.) akauliza iwapo ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumwelekea. Khalid akaila, na Mtume (s.a.w.) akitazama. Mwenzangu alinigusa kiwiko. Katika habari ile tuliona mambo mawili yametengwa wazi: hukumu hufuata dalili, na ladha hufuata nchi aliyolelewa mtu. Anayeyachanganya hayo mawili huweza kumwondolea mtu mama yake akidhani amemwondolea nguruwe.

Kwa kazi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye ninayeandika majina ya wanaosilimu. Mara nyingi swali la kwanza la familia zao ni la chakula: "Je, ataweza kula kwetu?" Aghalabu huwa hawaulizi juu ya nyama, wanauliza kama bado ni mtoto wao. Ndiyo maana nimejizoeza kukaa na wazazi hao na kutaja kwa majina kile kilichokatazwa, ambacho ni kichache, kisha kuwaacha wenyewe wahesabu kilichobaki.

Zaidi ya watu milioni 7 wameihama Venezuela katika miaka hii ya dhiki, na mwenzangu ni mmoja wao. Yuko Peru; ndugu zake wawili wako Colombia na Chile. Mama amerejea Mérida, na katika miaka ya uhaba alipanga foleni kwa saa nyingi kupata paketi mbili za unga. Desemba iliyopita mwenzangu aliniandikia kwamba mama amepika tena, hallaca chache tu, pamoja na jirani mmoja. Hakuna Mwislamu katika mtaa ule. Hata hivyo alitenga sufuria ya kuku, akazifunga nne kwa uzi mwekundu, akazihifadhi.