Mtoto wa Kabari

Sisi wa Kindu matope tunayajua. Mlima ndio hatuujui. Mji wetu umekaa kando ya Lualaba, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu anaweza kuzaliwa Kasuku akazeekea Mikelenge asione mteremko wa kumtisha. Mwaka 1988 mjomba aliponipandisha kwenye lori lake kwenda Bukavu, nilijigamba mtaa mzima.

Tulivuka mto hadi Alunguli na magunia ya mchele na mapipa ya mawese. Punia, Lubutu, Walikale: siku nyingi za koleo, na matawi ya kutandika kwenye mashimo. Hizo sizihesabu. Safari yangu ilianzia Hombo.

Kutoka pale barabara inapanda, inapita Bunyakiri, halafu inazama katika misitu ya Kahuzi-Biega, mpaka inavuka mita 2,000 na mianzi inaanza. Mvua ya huko haipigi kelele kama yetu. Ni ukungu tu, unakulowesha kimyakimya. Nilikuwa na kaptura na shati la shule.

Mjomba akanikabidhi kabari: kipande cha mti mgumu, kizito kama mtoto wa miezi sita, kimetobolewa na kufungwa kamba.

"Mwanangu, usiangalie kitu kingine. Angalia gurudumu."

Lori linanguruma, linapanda nusu mita, nasukuma kabari nyuma ya tairi la kulia. Linapumua. Linapanda tena, navuta kamba, nasukuma tena. Breki mjomba alizitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia mbali. Kushoto kulikuwa na korongo. Nilisikia maji yake tu, chini sana.

Watu humsifu dereva. Mimi niliyekuwa nyuma nasema kwenye mlima ule dereva ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inatembea kwa miguu, pua ndani ya moshi, na hailipwi.

Jioni tulipita Tshivanga, kituo cha hifadhi ambako wageni walitoka Ulaya kuja kuwaona gorila.

Niliporudi Kindu, watoto wa mtaa walinizunguka: umewaona? Niliwaeleza tairi la nyuma la kulia. Meno yake matatu yalikuwa yamekatika, na ubavuni lilikuwa na kiraka chenye umbo la sikio.