Nilinunua Namba, Sikununua Kebo

Shangazi yangu ana duka la kuchapa na kutoa nakala mjini Masaka, na nyuma ya duka ana vyumba vinane anavyowapangisha wanafunzi. Likizo iliyopita alinipa kazi ya kuvuta kebo ya mtandao kutoka dukani hadi mwisho wa uwanja, mita 70 hivi, kisha nifunge huko kamera ya ulinzi inayopata umeme kupitia kebo hiyohiyo. Alinikabidhi pesa bila swali lolote, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye ninayesomea kompyuta.

Nilipofika kununua, niliona Cat 5e na Cat 6 zimepangwa pamoja. Sita ni kubwa kuliko tano, na Cat 6 ile ilikuwa ya bei ya chini kuliko Cat 5e. Hapo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilifurahi, nikabeba boksi begani. Hata wepesi wake niliuona kuwa neema.

Mchana kamera ilifanya kazi vizuri. Usiku ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Nilimwambia shangazi kwamba ni shida ya umeme wa mtaani, ingawa sikuwa nimechunguza chochote. Wiki ya pili pampu ya maji iliibwa. Tulipotafuta picha za usiku ule, hatukukuta kitu. Shangazi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si wewe uliyesoma?"

Siku hiyo nilikata kipande cha kebo nikakwangua waya kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu, ndani mweupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, na kwenye ganda la kebo ziliandikwa herufi ndogo, CCA, zinazoeleza jambo hilo. Sikuwa nimezisoma. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Usiku kamera huwasha taa zake za kuonea gizani, ikahitaji umeme zaidi, na mwingi ulikuwa ukipotea njiani. Viwango vya Cat 5e na Cat 6 vinataka nyaya za shaba, kwa hiyo boksi langu lilibeba jina lisilo lake. Wahenga walisema si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mimi nimejifunza kwamba si kila chekundu ni shaba.

Hata ingekuwa Cat 6 ya kweli, hatukuihitaji. Cat 5e hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat 6 hupitisha kasi hiyo kwa umbali huohuo, na hufikia gigabiti 10 kwa umbali mfupi tu, usiozidi mita 55. Anayetaka gigabiti 10 hadi mita 100 hununua Cat 6A. Shangazi analipia intaneti ya megabiti 20. Namba niliyoikimbilia isingemwongezea chochote, hata kwa mita 70 zile.

Nilimweleza ukweli wote, pamoja na uongo wangu kuhusu umeme wa mtaani, ambao ulinitoka kwa shida kuliko habari ya alumini. Kisha nilinunua Cat 5e ya shaba tupu, yenye ganda la kustahimili jua, kwa pesa zangu za kufundisha watoto wa jirani. Pampu ninailipa kidogo kidogo.

Sasa kabla ya kuchagua kebo najiuliza mambo matatu: inakwenda umbali gani, inabeba kasi gani au umeme kiasi gani, na ndani yake mna nini. Namba huja baadaye.

Nilipoleta boksi jipya, lilikuwa zito. Shangazi alilipima kwa mkono, akaingia jikoni, akarudi na kisu. "Kwangua," akaniambia, "nami nione."