Tasi wa Mjomba na Aibu Yangu ya Baiolojia

Najua nimepotea kitambo, samahanini sana. Majaribio yalifuatana kama daladala, na boom lenyewe limeshakwisha. Leo nimepata upenyo, ngoja niwape kisa.

Basi bwana, mjomba wangu wa Tegeta alinunua tangi la kioo la mtumba, urefu mita 1, linaingia lita kama 200. Akasema hataki samaki wa dukani, anataka wa bahari, tena wa hapa hapa kwetu. Akaniuliza, "Mwanangu, si wewe unasomea ualimu wa Baiolojia? Itawezekana?" Nikajibu bila kupepesa macho, "Itawezekana, mjomba." Jamani, kiburi!

Mwanzo nilijitahidi, lazima niseme. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na yakipungua kwa joto unaongeza maji matamu, siyo ya bahari, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Tangi jipya nalo halipokei samaki siku hiyo hiyo. Uchafu wake hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti na hatimaye nitreti huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Tukatupia kipande cha kamba kioze humo ili bakteria wapate kazi. Anti alilalamika harufu wee!

Wiki ya sita kioo kikawa cha kijani tupu. Nikasema tumtafute tasi, wengine mnamwita tafi, maana chakula chake ni mwani na nyasi za baharini. Mvuvi wa Kunduchi akatuuzia mmoja mzima kutoka kwenye dema lake, ukubwa wa kiganja. Mjomba akamshika vibaya, mwiba ukamchoma kidole. Miiba ya tasi ina sumu, wadau! Tulimloweka kidole kwenye maji moto ya kuvumilika, maana joto huivunja nguvu ile sumu, na maumivu yakapungua.

Binamu yangu wa miaka 8 akampa samaki jina: Fagio. Na kweli alifagia. Siku kumi tu kioo kinang'aa, wageni wanashangaa, mimi kichwa kimevimba.

Jumamosi iliyofuata dogo akaniuliza, "Dada, mbona tumbo la Fagio limeingia ndani?" Nikamwambia anazoea mazingira. Jumamosi nyingine akauliza tena. Nikamwambia samaki wa bahari ndivyo walivyo. Ukweli ni kwamba sikujua, na niliona aibu kusema sijui mbele ya mtoto anayeniita mwalimu. Nilikuwa namrushia Fagio unga wa dagaa kidogo asubuhi, basi.

Hosteli nikamsimulia mwenzangu wa chumbani, ambaye mama yake analima mwani kule Paje. Alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, tasi huyo huyo? Mama anamlaani kila bamvua! Ukipanda mwani, yeye anakuja kuutafuna kwenye kamba. Anakula kutwa nzima yule, na nyinyi mmempa kioo kimoja!" Wazanzibari wanalima mwani kibiashara tangu 1989, kwa hiyo huyu adui wanamjua kuliko mimi na madaftari yangu.

Nikapiga hesabu. Kioo kinang'aa maana yake sahani ni tupu. Tulikuwa tunasifia usafi, kumbe tunatazama njaa.

Ijumaa nikapitia ufukweni, nikaokota mwani uliotupwa na maji, nikaufunga kwenye jiwe na kuuzamisha. Fagio aliurukia kama mwanachuo siku ya boom. Baada ya wiki mbili za mwani na mchicha uliochovywa maji moto, tumbo likarudi. Ila tasi hufika sentimita 30 na zaidi, na huogelea na wenzake. Mita 1 ni chumba cha mahabusu.

Nikamwita dogo. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Tumbo lile lilikuwa njaa, na mimi sikujua. Itabidi tumrudishe." Akanyamaza muda mrefu, akalia kidogo. Halafu akasema, "Mimi niliona mapema." Sikuwa na la kujibu. Kweli aliona.

Msiige kienyeji lakini. Samaki wa kutoka mbali hatupwi baharini; samaki simba mwenye miiba ya sumu, mgeni wa kule, alionekana Florida mwaka 1985, na leo wamejaa Karibi wanamaliza samaki wa wenzao. Fagio alitoka Kunduchi, akakaa peke yake, akarudi Kunduchi pale pale. Wavuvi walitucheka, "Yaani mnarudisha kitoweo baharini?" Dogo akainamisha ndoo mwenyewe kwenye nyasi. Fagio alibadilika rangi, madoa ya kahawia kama wanavyofanya wakiogopa, kisha akapotea.

"Atakula leo?" dogo akauliza.

"Nadhani ameshaanza," nikasema.

Muda si mrefu naenda mazoezi ya kufundisha, darasa zima litakuwa linanitazama mimi. Nimeanza kujizoeza kusema "sijui, nitaangalia". Inakwama kooni, ila inatoka.

Wacha niishie hapa, kesho kuna semina ya saikolojia ya elimu na sijafungua hata ukurasa. Alamsiki!