Hodi Isiyofika Mlangoni

Mtafsiri wa istilahi za tarakilishi akikutana na neno port la Kiingereza, kamusi humfikisha upesi kwenye bandari. Bandari ni neno zuri, na watu wa mwambao wameishi nalo tangu enzi za majahazi. Hata hivyo, katika mawasiliano ya mtandao neno hilo halifai. Kilatini kilikuwa na maneno mawili yaliyokaribiana: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Linalowashughulisha mafundi wa mtandao ni lango: mlango wenye nambari, kuanzia 0 hadi 65,535, ambao programu fulani husimama nyuma yake ikingoja kubishiwa hodi. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Anayefikiria mlango huuliza maswali ambayo anayefikiria bandari hayaulizi: ni nani aliyebisha, ni nani aliyemwelekeza mgeni, na ni nani huko ndani aliyepaswa kuitikia?

Maswali hayo yalimfaa kijana mmoja wa Mombasa mnamo mwaka wa 2023. Nyanya yake aliaga dunia akiwa ameacha saa nyingi za ngano na masimulizi ya ukoo katika kanda, ambazo mjukuu alikwisha kuzihamishia kwenye tarakilishi kuukuu. Shangazi yake, aliyekuwa akifanya kazi Doha na ambaye hakujaliwa kurudi kumzika mamaye, alikuwa na ombi moja tu: aisikie sauti ile. Wazee hawakuridhia kanda zikabidhiwe kampuni yoyote ya kuhifadhi data, maadamu baadhi ya masimulizi yaliwataja watu walio hai. Iliafikiwa basi kwamba sauti ibaki nyumbani, na msikilizaji ndiye aifuate.

Nyumba ile ilikuwa na vifaa viwili ukutani. Cha kwanza kilikuwa modemu ya kampuni iliyowauzia huduma ya intaneti. Cha pili kilikuwa ruta aliyoinunua kijana mwenyewe. Aghalabu modemu ya aina hiyo hufanya kazi mbili: huyapokea mawasiliano kutoka nje na papo hapo huwa bawabu, ikigawa anwani za ndani na kuwazuia wageni wasioalikwa. Ikigeuzwa kuwa daraja, huuacha ubawabu. Huyapitisha tu yaletwayo, na ruta ikabaki kuwa bawabu wa pekee. Kijana aliomba modemu igeuzwe daraja, kisha akaipa ruta agizo: mgeni atakayebisha mlango nambari 8080 apelekwe kwenye tarakilishi yenye kanda. Huko ndiko kuelekeza mlango. Shangazi akabisha. Kimya.

Siku mbili zilipotea katika kubahatisha. Vifaa vilizimwa na kuwashwa, nambari za milango zikabadilishwa, ruta ikarejeshwa katika hali ya kiwandani na kuagizwa upya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ni lazima kwanza ajue ni mvungu upi. Siku ya tatu kijana aliacha kubahatisha, akaanza kuuliza swali moja kwa kila kituo, kutoka ndani kwenda nje: hodi imefika hapa?

Alianza na programu yenyewe. Ilipofunguliwa katika tarakilishi ile ile, iliitika. Ilipobishiwa kutoka kwa simu iliyokuwa chumba cha pili, haikuitika. Ngome ya tarakilishi ndiyo iliyokuwa ikizuia. Ikaamriwa kuuruhusu mlango huo mmoja. Kisha akaitazama anwani ya tarakilishi. Ruta hugawa anwani za ndani kwa muda tu, na umeme ulipopotea na kurudi, tarakilishi ilikuwa imehama kutoka 192.168.1.20 hadi 192.168.1.23. Agizo lilikuwa likimpeleka mgeni kwenye chumba kitupu. Akaitengea tarakilishi anwani ya kudumu. Makosa mawili yaliondoka. Ya nje hayakubadilika.

Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa kuwa huubisha mlango wa nje wakiwa ndani ya nyumba. Ruta nyingi hazijui kumgeuza mtu wa ndani anayejifanya mgeni, kwa hivyo jaribio hushindwa hata pale ambapo kila kitu ni sawa. Kijana alizima Wi-Fi ya simu yake na kubisha kupitia mtandao wa simu. Kimya kikabaki kile kile, ila sasa kilikuwa kimya cha kuaminika.

Kilisalia kituo kimoja: anwani ambayo ruta ilipewa upande wa nje. Lau ingeanza kwa 192.168, au kwa 10, au ingekuwa kati ya 172.16 na 172.31, ingedhihirika kwamba modemu haijawa daraja bado. Mabawabu wangekuwa wawili ilhali aliyeagizwa ni mmoja. Haikuwa hivyo. Ilianza kwa 100.72, na ilitofautiana na ile iliyoonekana na ulimwengu wa nje. Modemu haikuwa na hatia. Bawabu wa pili alikuwako, lakini hakuwa nyumbani. Alikuwa katika mitambo ya kampuni.

Chanzo chake ni uhaba. Mfumo wa anwani unaoitwa IPv4 una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na hazina kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Mnamo Aprili 2012 anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa ili kampuni ziweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Mteja wa namna hiyo hutoka apendavyo, na majibu humrudia. Lakini mgeni anayeanza kubisha hodi huishia kwenye lango la kampuni, ambako mwenye nyumba hana mamlaka ya kutoa agizo.

Tiba ilikuwa kuiomba kampuni anwani ya hadharani. Kama ingenyimwa, ingewezekana nyumba yenyewe ianzishe njia ya siri kwenda nje na mgeni aje kwa njia hiyo, au kutumia IPv6, ambayo haina uhaba, iwapo pande zote mbili zinayo. Kampuni ilikubali, kwa malipo madogo ya kila mwezi. Fauka ya hayo, kijana aliweka nywila madhubuti, akafunga milango aliyoifungua katika siku za kubahatisha, na kuifanya programu isimbe mawasiliano yake. Mlango ulioelekezwa hauchagui mgeni. Shangazi na mwizi hubisha pale pale.

Usiku wa siku ya sita shangazi alibisha akiwa Doha. Kampuni ikapitisha, daraja likavusha, ruta ikaelekeza, ngome ikaruhusu, programu ikaitika. Sauti ya marehemu ikasema, kama ilivyozoea kila ianzapo ngano, "Paukwa!" Katika simu iliyokuwa wazi pembeni, kijana alimsikia shangazi yake akinyamaza kidogo, kisha akijibu kwa sauti ya chini, "Pakawa."