Ziara Mbili

Nilipokuwa nikifundisha darasa la sita mkoani Mbeya, niliwaongoza wanafunzi kupanda hadi Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya shimo la volkano katika Milima ya Poroto. Njia ni ya msituni, tena ina mwinuko mkali. Tulipofika ukingoni niliwaamuru watoe madaftari, nikawasomea maelezo niliyoyaandaa. Waliandika wameinama, ziwa wakalipa kisogo. Kesho yake nilipowauliza maji yalikuwa na rangi gani, hakuna aliyenyosha mkono. Niliona haya.

Mwaka uliofuata tulikwenda Kalenga, karibu na mji wa Iringa, kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa. Safari hii sikuchukua maelezo, bali nilimtaka kila mtoto awe na swali lake. Mhifadhi alieleza kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asitekwe na Wajerumani. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Msichana mmoja, ambaye darasani hakuwa akisema neno, alihesabu kwa vidole, kisha akauliza: "Miaka 56! Sasa ndugu zake walizika nini?"

Mhifadhi alijibu taratibu: "Kiwiliwili, kule Mlambalasi."

Watoto walinyamaza kimya. Somo la ukoloni lilikuwa limekwisha kufundishwa, wala si nami.

Ndugu mwanachuo, utakapowapeleka watoto ziarani, waandae kwa maswali kabla ya safari. Mkifika, nyamaza kwanza, wao watazame.