Kabla Hujanunua Mlango

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

 

Barua yako nimeisoma yote. Kioo cha dereva kinashuka chenyewe ukipita barabara mbovu, mkono wake unazunguka bila kushika, mlango wa abiria haufungi mpaka ubamizwe, na ufunguo hauingii bila kubembelezwa. Fundi amekushauri ununue milango miwili ya mtumba, au utoboe hiyo uliyo nayo uweke vioo vya umeme. Nakuomba pesa hiyo usiitoe. Ile Hilux ni ya 1985, na bado inabeba machungwa ya Muheza hadi mjini bila kulalamika. Bati la milango yake halijaoza. Kilichochoka ni vitu vidogo vya ndani, na vyote vinatengenezeka kwa mikono yako mwenyewe.

Neno moja ulishike tangu mwanzo. Kwenye mlango wa gari, kifaa kinachovunjika mara nyingi kimevunjwa na kingine. Mashine ya kioo huliwa meno kwa sababu raba za pembeni zimekauka na zinakikaba kioo. Kitasa huchakaa kwa sababu bawaba zimelegea na mlango umeinama. Ukibadilisha kilichovunjika ukamwacha mvunjaji ndani, msimu ujao wa machungwa utaniandikia barua hii hii. Vioo vya umeme navyo havitakusaidia: mota itasukuma kioo kwenye raba zile zile kavu mpaka iungue, na siku betri ikifa na mvua inanyesha utakuwa umekaa na dirisha wazi. Kwa gari la kazi, mimi nautetea mkono.

Anza na huo mkono wenyewe, maana ndio rahisi. Hauna skrubu, umeshikwa kwa nyuma na kijiklipu cha chuma chenye umbo la herufi C. Pandisha kioo hadi juu kwanza, ukumbuke mkono umeelekea wapi, ili ukiurudisha usije ukakugonga goti. Chukua kitambaa chembamba cha pamba, kipitishe kati ya mkono na kisahani cha plastiki kilicho nyuma yake, kisha kivute huku na huku kama mng'arisha viatu. Kitambaa kitanasa ncha za klipu na kuisukuma itoke. Funika kwa kiganja, kwa sababu huruka, na ikiangukia mchangani huipati tena. Sasa chomeka mkono wa mlango wa pili. Ukishika, basi ni meno ya ndani ya ule mkono wa kwanza yaliyolika, na kazi yako ni kununua mkono tu. Wakati wa kurudisha, klipu huwekwa kwenye mkono kwanza, halafu unausukuma mpaka usikie imelia.

Ukizunguka bure nao, fungua mlango. Toa skrubu za kishikio cha kuvutia mlango, kisha banua ubao wa ndani taratibu, bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ikiwa karibu kabisa na kila klipu. Ukivuta kutoka katikati utaupasua. Nyuma yake utakuta karatasi ya nailoni. Mafundi wengi huitupa, nami jambo hilo hunikera sana. Maji ya mvua lazima yaingie ndani ya mlango, yanapita kando ya kioo kila siku, na mlango umetengenezwa yatokee kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayozuia yasilowanishe ubao. Kwa hiyo ibandue vizuri, utairudisha. Na hapo hapo zibua vile vitundu kwa spoku ya baiskeli. Vikiziba kwa tope, maji hukaa ndani na mlango huoza kuanzia chini. Hapo sasa ndipo utakapohitaji kweli mlango mpya.

Shika kioo kwa utepe wa gundi, uupitishe juu ya fremu pande zote mbili, ndipo ufungue bolti za mashine kwa spana namba 10. Telezesha rola itoke kwenye reli iliyo chini ya kioo, halafu utoe mashine kupitia tundu kubwa. Vaa shati la mikono mirefu. Kingo za bati humo ndani hukata. Ile springi kubwa iliyoviringishwa, inayosaidia kubeba uzito wa kioo, usiiguse. Imekazwa. Ukiifungua, au ukitoa gia ndogo bila kufunga mikono ya mashine kwanza, itafyatuka ikuvunje vidole. Hilo nakusihi, si nakushauri.

Mashine ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, uyaangalie meno, hasa yale ya mwisho ambako watu hulazimisha kioo kikiwa kimeshafika juu. Zungusha, kisha usukume mkono wa mashine kwa kiganja: ikiwa unarudi nyuma wenyewe, ile springi ndogo ya breki iliyo ndani ya kitovu imekwisha, na ndiyo iliyokuwa ikikiachia kioo kishuke. Hiyo haitengenezwi, tafuta mashine nyingine nzima. Usipoipata huko, Gerezani Dar es Salaam hutaikosa. Lakini angalia pia kama kioo kimechomoka kwenye reli yake. Raba inayokishika ikishakuwa ngumu, mashine hubaki juu na kioo kikashuka peke yake. Kabla ya kununua raba nyingine, pima unene wa kioo.

Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, na kwangu ndilo kazi yenyewe. Kabla ya kurudisha mashine, toa ule utepe, weka viganja viwili kwenye kioo, kimoja kila upande, ukisukume juu taratibu. Kinatakiwa kipande bila kukwaruza wala kuinama. Kikikaba, simama hapo hapo uangalie kimekabwa wapi. Utakuta vumbi limegandamana kwenye manyoya ya raba za pembeni, au raba imejikunja kwenye kona. Osha kwa maji ya sabuni na mswaki, acha zikauke, kisha pulizia silikoni. Grisi na oili usipake humo, zitashika vumbi na kulainisha raba mpaka ivimbe. Grisi ni ya meno na rola tu. Usirudishe mashine mpaka kioo kipande kwa viganja bila kulazimishwa.

Mlango wa abiria, usianze kupiga kitasa nyundo. Uache wazi, uchukue bisibisi, ukisukume kile kidomo kinachouma chuma cha kwenye nguzo. Kitalia mara mbili. Mlio wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili ndio wa kufunga kabisa, na mlango ulioishia kwenye wa kwanza unaweza kufunguka njiani. Vuta kishikio: kikiachia mara moja, kitasa ni kizima. Usisahau kuhakikisha kidomo kimeachia kabla hujafunga mlango. Kisha shika ukingo wa mlango uunyanyue. Ukicheza, pini na bushi za bawaba zimelika, anza nazo. Chuma cha nguzoni kisogeze mwisho kabisa, kidogo kidogo, ukiwa umechora kilipokuwa kwa penseli. Kisitumike kuunyanyua mlango ulioinama.

Vile vyuma vyembamba vinavyounganisha kishikio na kitasa, fundi wako amevifunga kwa waya wa kufungia nondo. Utoe. Waya hulegea, na mlango usiofunguka kwa ndani siku ya ajali au moto ni hatari kwa aliyeketi humo, na anayeketi humo mara nyingi ni mama yako. Tundu la ufunguo lipulize, kisha usugue ufunguo kwa penseli laini, uingize na kuutoa mara kadhaa. Mafuta ya kupikia usitie humo. Na ufunguo wenyewe umechongwa kutoka kwa uliokwisha kulika. Kwenye Toyota nyingi za enzi hiyo namba imegongwa kwenye silinda ya kitasa, fundi wa funguo aifuate hiyo.

Fungua mlango mmoja kwa wakati, ili ule mwingine ukuonyeshe kila kitu kinakaa wapi. Klipu za plastiki na raba za pembeni nimezitia kwenye bahasha ya kaki, zitakuja na basi la Ijumaa asubuhi. Raba ya reli nitainunua ukishaniletea kipimo cha kioo.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako